Sahani ya Baban

King'ora cha kiwanda kilipolia alfajiri ile, mikono ya Dwarkabai ilianza kazi kabla ya kichwa chake. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mafuta ya taa, anachemsha chai ya watu wanne, mara ile sauti nzito ikaingia dirishani kama ilivyokuwa ikiingia miaka yote, ikatikisa vikombe rafuni. Akaepua birika. Akavuta debe la mchele, akapima kibaba baada ya kibaba, akaosha, akateleka sufuria kubwa ambayo ilikuwa haijaguswa tangu mgomo uanze. Alipokuja kujiuliza anafanya nini, maji yalikuwa yameshaanza kuchemka.

Nje, jengo zima lilikuwa limechanganyikiwa. Milango inafunguliwa, watoto wanaulizana, mtu anatafuta kiatu cha pili. Miezi tisa king'ora kilikuwa kimya, na watu wa mtaa wa Lalbaug walikuwa wamejifunza kuamshwa na kunguru na kelele za ndoo kwenye bomba. Wazee waliona hiyo ni aibu, maana wao na baba zao walikuwa wamezaliwa, wakaoa na wakazeeka kwa saa ya kiwanda.

"Wamekubali!" mtu alipiga kelele ngazini. "Wenye viwanda wamekubali! Mgomo umekwisha!"

Shevanta, jirani wa chumba cha pili, alichungulia mlangoni, nywele zimemsimama.

"Umesikia, shoga?"

"Nimesikia. Mchele uko motoni."

"Wewe nawe! Hata uso hujanawa."

"Wale wanaume watarudi na njaa zao. Sasa nitawapa uso?"

Shevanta alicheka, akaenda kumtafutia mumewe shati la kazi.

Dwarkabai alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kuwapikia wanaume wa kiwandani, wale waliotoka vijiji vya Konkan na kuacha wake zao huko. Hawakulala kwake. Walipanga vyumba kwa pamoja, wakalala kwa zamu kama walivyofanya kazi kwa zamu. Mmoja akiamka, mwingine anaangukia mkeka ule ule ukiwa bado una joto. Lakini kula, walikula kwake, na wote walimwita mama mdogo, hata waliomzidi umri. Kila mmoja alikuwa na sahani yake ya chuma, aliyokuja nayo siku ya kwanza, jina limechongwa ukingoni kwa msumari. Kabla ya mgomo walikuwa kumi na watatu, na sahani zao zilitundikwa ukutani kwa mstari, kila moja kwenye msumari wake, juu ya jiko.

Nyumba ile ilikuwa na desturi moja. Mlaji haoshi sahani. Anakula, ananawa mkono, anaiacha ilivyo, na anayeosha ni Dwarkabai. Siku mtu akiosha sahani yake mwenyewe na kumkabidhi, basi anaaga na harudi tena: amestaafu, amepata kazi mji mwingine, au wamekosana. Hapakuwa na haja ya maneno. Ndiyo maana njaa ya mgomo ilipoanza kuwarudisha vijijini mmoja mmoja, kila aliyeondoka alihakikisha ameacha sahani yake chafu, na punje za wali juu yake, ili ijulikane kwamba atarudi. Dwarkabai aliziosha na kuzitundika. Wa mwisho kuondoka alikuwa Baban, juma lililopita, na sanduku lake la bati, akisema mkewe amejifungua. Yeye aliacha sahani chafu kuliko wote, mpaka na miiba ya samaki, na akamtania, "Hiyo ya kukukumbusha, mama mdogo, usije ukampa mtu msumari wangu." Kwa hiyo walaji walikuwa wamebaki watatu, mzee Dhondu na ndugu wawili kutoka Lanja.

Wali ulikuwa umeiva na dengu imelainika pale jiko lilipokohoa mara mbili, likazima. Dwarkabai akalitikisa. Mafuta yalikuwa yamekwisha, hata tone.

Dhondu alirudi wakati huo huo. Alikuwa ametoka mbio kuelekea getini, mfumaji mzima mwenye kifua kilichojaa vumbi la pamba, na sasa alipanda ngazi akipumzika kila hatua chache. Alipofika mlangoni hakuingia. Aliegemea kizingiti.

"Vipi?" Dwarkabai aliuliza.

"Si kitu, mama mdogo. Wenye kiwanda wameingiza watu ndani kwa gari la mizigo, wafanye kazi yetu. Arobaini hivi. Wanalala humo humo, wanazungusha mashine mbili tatu. Ndio waliopigiwa."

"King'ora chote kile kwa watu arobaini?"

"King'ora si chao. Ni chetu sisi, tusikie."

Kisha macho yake yakaiona sufuria. Akaitazama, akamtazama mpishi.

"Umepika wa wote."

"Nimepika wa wote."

Dhondu akaanza kucheka, ikageuka kikohozi, na Dwarkabai naye akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa sari. Halafu kicheko kikakauka, kwa sababu ule ulikuwa mchele wa mwezi mzima, na wote wawili walijua.

Alijua pia kinachofuata. Jiko lisipowaka hakuna chakula, bila chakula hakuna walaji, na bila walaji chumba hiki si chake tena. Ingembidi arudi Konkan kwa kaka yake, ambako wifi yake alikuwa ameshachagua kona ya ghala atakayolazwa. Kazi yake huko ingekuwa kuokota samadi ya ng'ombe na kushukuru. Miaka yote tangu mumewe afariki alikuwa akila kwa mikono yake mwenyewe, na jambo hilo alilipenda kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Akafunika sufuria, akachukua kadi yake ya mgao na dumu tupu, akatoka.

Njia ya kwenda duka la mgao ilipita kandokando ya ukuta wa kiwanda. Mkwewe marehemu alipenda kusimulia kwamba pale pote palikuwa bahari na matope, maji yakipita katikati ya visiwa vya wavuvi. Waingereza wakaja wakajaza mawe, kisha wenye viwanda wakaja wakajaza watu. "Siku wakituchoka," mzee alikuwa akisema, "watatuzoa kama kifusi." Alikuwa mlevi, hakuna aliyemsikiliza. Siku hizi Dwarkabai alikuwa akimkumbuka sana.

Foleni ilikuwa imeshafika kwenye kona. Wanawake walikuwa wakizungumzia bei, kwa sababu hakukuwa na jingine la kuzungumzia. Dengu imepanda, kitunguu kimepanda, mafuta ya kupikia hayashikiki. Kinachoshuka ni watu tu, wanashuka ngazi na masanduku yao kwenda kituo cha basi.

"Kadi," alisema karani bila kuinua uso. Alikuwa na taulo shingoni na mfuko wa karanga mbele yake. "Kadi moja, mtu mmoja. Lita mbili."

"Mwezi uliopita nilipata zaidi. Nachukua na ya walaji wangu."

"Mwezi uliopita mkaguzi alikuwa hajapita. Sasa amepita. Wasiokuwepo wamefutwa."

"Wameenda kijijini tu. Watarudi."

"Wakirudi waje na barua ya mwajiri, nitawarudisha."

"Mwajiri amewafungia nje, halafu awaandikie barua?"

Foleni ikacheka. Karani naye alitaka kucheka, akajizuia, akatafuna karanga.

"Mama, sheria sikuitunga mimi. Na hizo lita mbili zenyewe hazipo. Tangi litakuja Alhamisi."

"Alhamisi hii?"

"Alhamisi."

Nyuma ya duka mafuta yalikuwepo, kila mtu alijua, kwa bei ya kumlipa daktari. Dwarkabai alirudi na dumu lake likigonga goti.

Mlangoni kwake alimkuta Pednekar amekaa juu ya kigoda, anajipepea kwa kofia. Pednekar alikuwa mnyapara wa kitengo cha ufumaji, mtu mnene mwenye sauti ya upole, na zamani, kabla ya kupandishwa cheo na kumleta mkewe mjini, alikuwa mlaji wa nyumba ile. Siku anahamia mtaa wa Dadar aliiacha sahani yake chafu makusudi. "Sijaondoka," alisema, "nimesogea tu." Basi ikaoshwa na kutundikwa, ikabaki pale karibu na mlango, ikifutwa vumbi kila sikukuu ya Diwali.

"Dada Dwarka," alisema, "jengo zima linanukia wali wako."

"Karibu, Pednekar. Chai sina, jiko limezima."

"Ndiyo maana nimekuja na hili." Aligusa kwa mguu debe la mafuta ya taa lililokuwa kando yake, limejaa, kifuniko bado hakijafunguliwa. "Hili la kuanzia. Mchele nao utaletwa na mkokoteni jioni."

"Wa nini?"

"Nina watu arobaini mle ndani. Mpishi wa kantini hajui chumvi ni nini, wengine tumbo limeshawaharibika. Meneja ameniuliza, Pednekar, mtaani kwenu kote hakuna mwanamke anayejua kupika? Nikamwambia yupo."

"Ukamwambia yupo."

"Milo miwili kwa siku. Mafuta yetu, mchele wetu, na hela yako mkononi kila Jumamosi. Leo tayari umeshapika, nimeiona sufuria. Saa sita king'ora kikilia, ipelekwe mlango wa nyuma. Hakuna atakayeona."

"Lalbaug hii hii? Nikikaanga samaki, watu wa ghorofa ya tatu wanajua alivuliwa lini."

"Basi na waone!" Pednekar aliinua mikono. "Hao viongozi wa mgomo wamekuletea kibaba? Kimoja?"

"Hapana."

"Haya. Dada, mimi sikuja kukudanganya. Mgomo huu umekufa, kila mtu anajua isipokuwa waliomo. Wenye viwanda hawana haraka. Wana ardhi, na ardhi haili. Ninyi mnakula."

Alilisema hilo bila dharau, kwa huzuni hasa. Dwarkabai aliketi kwenye kizingiti, dumu tupu mapajani.

"Halafu usijiambie kwamba ni wageni," Pednekar aliendelea taratibu. "Wako naye yumo."

"Wangu nani?"

"Baban."

"Baban yuko kijijini. Mkewe kajifungua."

"Kajifungua kweli, na ndiyo maana Baban yuko ndani. Hakupanda hata basi. Alitoka hapa na sanduku lake akaja moja kwa moja kwangu, analia. Sasa kila akiletewa chakula anasema si cha mama mdogo, anakisukuma. Jana hakula kitu." Akainuka, akavaa kofia. "Saa sita, dada. Debe nakuachia."

Alishuka ngazi. Dwarkabai akabaki anaitazama sahani ya Baban, ya nne kutoka dirishani. Alimwonea hasira, kisha akamwonea huruma, kisha akamkasirikia zaidi kwa sababu ya ile huruma. Mtoto yule alikuwa amemkumbatia miguu wakati wa kuaga, akamtakia Diwali njema mapema, na uongo umemjaa mdomoni.

Shevanta alitokea bila kubisha hodi. Kuta za pale ni mbao, alikuwa amesikia yote.

"Pokea," alisema.

"Shevanta!"

"Usinitazame hivyo. Mume wangu yuko mgomoni tangu siku ya kwanza. Nikikwambia pokea, ujue nimefikiri. Ukifunga jiko, hawa watatu wataondoka kesho, wewe kesho kutwa. Jengo litabaki na panya na mimi."

"Ungekuwa wewe ungepokea?"

"Mimi sijui kupika, nani ataniomba?"

Dhondu alikuwa kwenye varanda, mgongo ukutani, ndugu wawili wa Lanja wamesimama karibu naye. Habari ya Baban ilikuwa imeshawafika. Mkubwa wa wale ndugu alikuwa akitukana kwa sauti ya chini, mfululizo, bila kumtaja mtu. Dhondu alikuwa akivitazama vidole vyake. Ndiye aliyemfundisha Baban kuunganisha uzi uliokatika.

"Mzee Dhondu, na wewe unasemaje?" Dwarkabai aliuliza.

"Mimi nimekula kwako miaka mingi, sina mdomo wa kukushauri."

"Sema tu."

Alijikuna kidevu, akatazama chini. "Ukiwapikia, sitakulaumu. Kwa jina la mungu wetu Vithoba, sitakulaumu. Ila nitaosha sahani yangu."

Mdogo wa wale ndugu aligeuza uso. Kutoka chini ilisikika sauti ya bomba likikauka. Maji ya siku ile yalikuwa yamekwisha.

Dwarkabai aliinuka, akaingia ndani. Alikaa peke yake kwa muda mbele ya jiko lililozima. Aliwaza mafuta ya debe lile, jinsi yangewasha jiko mpaka Diwali na baada yake. Aliwaza ghala la kaka yake. Kisha akawaza jambo dogo sana: jinsi mkono wake utakavyojisikia ukipokea sahani ya Dhondu ikiwa safi. Akatoka tena mlangoni.

"Shusheni sahani," alisema.

"Zipi, mama mdogo?"

"Zote. Na mtu ashike debe hili."

Walikwenda kwa mguu katikati ya barabara. Ndugu wa Lanja walibeba sufuria kwa gongo lililopita kwenye masikio yake, Shevanta akabeba gunia la sahani lililolia kila hatua, mumewe, ambaye alikuwa bado amevaa shati la kazi, akabeba debe, na Dhondu akabeba upawa kwa heshima kubwa. Dwarkabai alitangulia. Chini ya upindo wa sari alikuwa ameficha kitu, hakuonyesha mtu.

Mbele ya geti kubwa wagomaji walikuwa wamekaa chini ya turubai, kama walivyokaa kila siku, na safari hii walikuwa wengi kwa sababu ya king'ora. Wengi walikuwa bado wameshika vyombo vya chakula walivyokimbia navyo asubuhi. Vilikuwa vitupu. Hakuna mke aliyekuwa na cha kutia.

"Kaeni mstari," alisema Dwarkabai. "Sahani hazitoshi, mtakula kwa zamu, hilo mmelizoea. Na zina wenyewe. Ukimaliza, mpe mwenzako. Nisimwone mtu anaosha!"

Kicheko kikapita chini ya turubai. Wengi wao waliijua desturi ile, ilikuwa ya nyumba nyingi za mtaa. Upawa ukaanza kazi. Watu walikula kimya, haraka, kisha polepole walipokumbuka kwamba huenda kesho hakuna. Askari polisi aliyewekwa kulinda geti alitazama pembeni na kumeza mate, mpaka Shevanta akamsogezea kidogo kwenye kifuniko. "Kula, kaka. Rungu halijazi tumbo." Akala amegeukia ukutani.

King'ora cha saa sita kililia juu ya vichwa vyao. Mlango mdogo uliomo getini ukafunguka, Pednekar akatoka. Bila shaka alikuwa amesubiri huko nyuma akachoka. Aliona sufuria, aliona sahani, akasimama.

"Nilisema mlango wa nyuma, dada."

"Huo siujui. Miaka yote chakula changu kimeingilia hapa, matumboni mwa watu."

Akatoa kile alichokuwa amekificha. Ilikuwa sahani ya Baban, imejaa wali, dengu kando, vipande viwili vya samaki mkavu, imefunikwa kwa jani la mgomba.

"Mpe Baban. Mkononi mwake, si kwa mtu mwingine."

"Moja?" Pednekar hakuamini. "Nina watu arobaini."

"Mimi nina mmoja."

Manung'uniko yalizuka chini ya turubai. Kijana mmoja alisimama na tonge mkononi. "Mama mdogo, unamlisha msaliti? Sisi tunakufa hapa nje, unamlisha yule?"

"Sahani yake iko ukutani kwangu," Dwarkabai alisema. "Ugomvi wenu naye mtaumaliza akitoka. Wa kwangu nitauanza siku hiyo hiyo, na nakuhakikishia wako utakuwa mdogo. Kaa ule, wali unapoa."

Kijana akasita, akakaa. Mume wa Shevanta alilisogeza debe mpaka miguuni pa mnyapara.

"Usifanye hivyo," Pednekar alisema kwa sauti ya chini, na safari hii alikuwa akisema kama mlaji wa zamani. "Dada Dwarka. Kesho utapika kwa nini?"

"Sijui."

Hakupandisha sauti. Alisema kweli, na ukweli huo ulimuuma mbele ya watu wote.

Pednekar alishika sahani ya Baban kwa mikono miwili. Alitaka kuondoka, akageuka. "Na mimi? Mimi ulishanifuta?"

"Yako ile pale," Dwarkabai alimwonyesha. Ilikuwa juu ya gunia, peke yake, hakuna aliyepewa. "Kaa ule."

Watu wakatazamana. Kisha Dhondu, bila kuambiwa, akasogea kando na kumsukuma jirani yake, na pale chini pakapatikana nafasi ya mtu mmoja mnene. Pednekar aliitazama ile nafasi. Aliinua macho kwenye madirisha ya ofisi juu ya geti, ambako pazia lilikuwa limefunguliwa kidogo. Jasho lilimtiririka shavuni.

"Nina kazi," alisema.

Akaingia ndani taratibu, amekunja mabega, akiangalia chini asimwage wali. Mlinzi wa geti alitoka kuchukua debe.

Jioni king'ora kililia tena, cha kufunga kazi, na hakuna mtu aliyeinuka jengoni. Dwarkabai alikuwa amekaa kwenye varanda, sahani zote zimelundikana miguuni pake zikiwa chafu, kwa sababu bomba lingefunguliwa tena asubuhi tu na ndani kulibaki mtungi mmoja wa maji ya kunywa. Sahani ya Pednekar ilikuwa imerudi kavu; hiyo aliitundika kwenye msumari wake. Shevanta alikuwa akichambua mchicha aliopewa na mtu, Dhondu anasinzia. Hawakuzungumzia kesho. Ndugu wa Lanja walikuwa wamekwenda kuulizia kazi ya kupakua mizigo sokoni.

Mlinzi wa geti alipanda ngazi, amevua kofia yake ya kazi. Alikuwa na kitu kilichofungwa kwa kipande cha kitambaa cheupe, kile kinachofumwa kiwandani. Alimkabidhi Dwarkabai, akaunganisha viganja kumsalimu, akaondoka bila kungoja swali.

Ndani yake mlikuwa na sahani ya Baban. Ilikuwa safi. Ilikuwa imeoshwa kwa sabuni kali ya mafundi wa mashine, ikafutwa, ikasuguliwa mpaka jina lake likang'aa ukingoni. Hapakuwa na punje hata moja.

Dhondu alifumbua macho, akaona. "Basi," alisema, akayafumba tena.

Shevanta aliacha mchicha. Dwarkabai aliigeuza sahani mikononi, akaona jinsi mtoto yule alivyohangaika nayo. Hakuwa ameiosha kwa hasira. Mtu mwenye hasira haoshi namna ile. Aliiosha kwa aibu, amekaa peke yake kando ya mashine zinazovuma, ili asije akamtazama mtu machoni katika nyumba hii tena. Na hao waliomwingiza mle kwa gari la mizigo hawatajua kamwe kwamba wamemnyang'anya hata nyumba hii.

Kisha Dwarkabai akaingia ndani, akatoka na kopo la jivu na mtungi wa maji ya kunywa. Akachuchumaa kwenye mfereji wa varanda, akatia jivu kwenye sahani, akaanza kusugua.

"Shoga," Shevanta alisema polepole, "hayo ndiyo maji tuliyobaki nayo. Lundo zima hilo linasubiri kesho, wewe unaosha iliyo safi?"

"Haijaoshwa," alisema Dwarkabai.

Aliisugua ndani na nje, na ukingoni penye jina, akaisuuza, akainuka na kuitundika kwenye msumari wake, wa nne kutoka dirishani. Nyingine aliziacha pale pale chini, chafu, zisubiri asubuhi.